Paka Aliyezaa Ghalani

Mkulima wa Songea, huenda siku moja ukaenda kutazama mahindi yako ukasikia sauti nyembamba zikitoka nyuma ya magunia, au katika tenga kuukuu lililoachwa chini ya kihenge. Ukiinama utamwona paka yule yule asiye na mwenyewe, apitaye uani usiku na kukimbia kila amwonapo mtu, naye amewalalia watoto wanne au watano ambao bado hawajafumbua macho. Atakukodolea macho, atalaza masikio nyuma na kukutemea pumzi kwa hasira. Watu wengi hapo hufanya moja katika mambo mawili: ama humfukuza yeye na watoto wake, ama huwachukua watoto saa ile ile na kuwapeleka nyumbani wawe vitu vya kuchezewa. Yote mawili ni hasara kwa mwenye ghala. Karatasi hii yaeleza kwa nini yafaa umwache alipo, umlishe kwa mbali, kisha uwazoeze watoto wake wakati wake ufikapo, ili upate walinzi wa nafaka ambao watakaa kwako.

Kwanza tufanye hesabu. Panya mmoja wa nyumbani hula kadiri ya gramu 10 hadi 15 za nafaka kwa siku. Kwetu mahindi huvunwa tangu Mei hata Julai, na chakula cha nyumbani yapasa kikae mpaka mavuno ya mwaka wa pili. Tuseme ghala yako ina panya 20, na hao si wengi. Kwa gramu 15 kila mmoja, watakula gramu 300 kwa siku, yaani kilo 9 kwa mwezi. Na tangu Julai mpaka mwisho wa Februari, miezi minane, watakula kilo 72. Hayo ni yale yaliyoingia tumboni mwao tu. Punje zilizotobolewa kiini, zilizokojolewa, na zilizochanganyika na mavi yao hazimo katika hesabu hiyo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wenye kanda yake hapa Songea, hununua mahindi kwa kuangalia usafi na ukavu wake. Wala mwenzako wa sokoni hatakubali gunia linalonuka panya. Zaidi ya hayo, Januari na Februari ndiyo miezi ambayo nyumba nyingi hutazama chini ya kihenge na kuhesabu debe zilizosalia.

Panya nao hawangoji. Yule panya wa shamba mwenye chuchu nyingi, aingiaye nyumbani baada ya mavuno, hubeba mimba siku 23 tu, na kwa mzao mmoja aweza kuzaa watoto kumi au zaidi. Kwa hiyo mtu auaye panya watano Jumapili, kisha akapumzika mwezi mzima, hajafanya kitu.

Sasa tuseme kweli juu ya paka, maana wako wamsifuo kupita kiasi. Paka hawezi kusafisha ghala iliyokwisha jaa panya. Mwaka 1953 mtaalamu wa Uingereza, Charles Elton, alieleza aliyoyaona katika mashamba ya kwao: mahali panya walipokwisha kuondolewa kwanza kwa njia nyingine, paka waliolishwa hapo waliweza kuwazuia wasirudi, lakini palipojaa panya, paka peke yao hawakufaulu. Na mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nyumba za wakulima wa Swaziland, nchi ambayo tangu mwaka 2018 yaitwa Eswatini. Huko ilionekana kwamba penye paka na mbwa pamoja panya hupunguza kutembea na kula, kwa hofu tu. Bali penye paka peke yake, au mbwa peke yake, tofauti haikuonekana. Basi usimfukuze mbwa wako kwa ajili ya paka. Tega mitego kwanza, fagia chini ya kihenge, kata majani yaliyokizunguka, funga bati katika nguzo zake ili panya wasipande, ndipo paka awe mlinzi wa kazi uliyokwisha kuifanya. Tena paka hana msaada wowote juu ya dumuzi, yule mdudu aliyeingia nchini kwa njia ya Tabora katika miaka ya mwisho ya 1970. Huyo ana dawa yake.

Yafaa pia ujue paka huyu ni nani. Paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka wa mwitu wa Mashariki ya Karibu na Afrika ya Kaskazini. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka, panya walifuata nafaka, na paka wakafuata panya. Katika kisiwa cha Cyprus limeonekana kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita ambamo mtu na paka wamezikwa karibu karibu. Ndugu yao, paka wa mwitu wa Afrika, yumo hata leo katika miombo, naye aweza kuzaa na paka wa nyumbani. Kwa hiyo huyo aliyezaa ghalani mwako si mnyama wa porini kabisa, wala si wa nyumbani. Amekuja kwa sababu ile ile iliyowaleta wazee wake: mahindi yako yana panya. Hana habari nawe. Usimdai shukrani.

Katika majuma mawili ya kwanza kazi yako kubwa ni kutofanya kitu. Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa kadiri ya gramu 100, kipofu, kiziwi, asiyeweza kujipasha moto wala hata kukojoa bila mama yake kumlamba. Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14. Siku hizo mama akisumbuliwa, yaani watoto wakiguswa, taa ikimulikwa kila saa, vijana wakija kutazama kwa makundi, atawabeba mmoja mmoja kwa meno na kuwahamisha, na huko awapelekako pengine ni mvunguni mwa kichaka, penye siafu na nguchiro. Mara nyingi mmoja au wawili huachwa njiani. Waambie watoto wako mapema wasiende, na uwaambie sababu, maana mtoto aliyekatazwa bila sababu ataenda tu.

Umtilie chakula. Wako wasemao, paka akilishwa hatawinda tena, na kwa hiyo humwacha na njaa ili awe mkali. Si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, ndiyo tabia yake. Ila yule mwenye njaa huwinda mbali, akaacha ghala yako na watoto wake saa nyingi. Mama anyonyeshaye huhitaji chakula mara mbili hata mara tatu kuliko siku zake za kawaida. Ugali peke yake haumfai, maana paka hana budi kupata nyama au samaki. Akikosa muda mrefu, macho yake na moyo wake huharibika. Usipa wa Ziwa Nyasa wauzwao sokoni Songea wafaa sana: chemsha konzi moja bila chumvi wala kitunguu, changanya na ugali kidogo, umpe asubuhi na jioni. Wale waliotiwa chumvi uwaroweke kwanza na kumwaga maji. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, kwa kuwa huvunjika kama sindano. Weka na maji safi katika kigae. Maziwa ya ng'ombe si ya lazima, na paka wengi wakubwa huharishwa nayo.

Chakula ukiweke mahali pale pale, saa ile ile, hatua kumi hivi kutoka alipolala, kisha uondoke. Baada ya siku kadhaa sogeza sahani kidogo, ukae mbali ukifanya kazi yako, kupukuchua mahindi au kusuka kamba. Usimkazie macho. Paka mtu mzima aliyekulia nje huenda asikubali kushikwa maisha yake yote, na hiyo si hasara. Ataacha kukimbia akuonapo, na hayo yatosha kwa mnyama wa kazi.

Liko jambo moja ambalo halingoji. Ikiwa amezaa mahali pa hatari, hamu ya kumwacha atulie haifai kukuzuia. Hapa petu nafikiri hasa bani la tumbaku. Tumbaku ya kukaushwa kwa moshi ni zao la Songea tangu zamani. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wake, Ngoni-Matengo, kiliundwa mwaka 1936. Bani lisilo na moto ni mahali pakavu, pa giza, penye nyasi na vijiti, nalo paka hulipenda. Basi kabla ya kuwasha moto wa kwanza, ingia utazame kila pembe na juu ya vichanja. Moshi huo huua vitoto muda mrefu kabla joto halijawafikia, na mama atakayejaribu kuwatoa ataungua. Vivyo hivyo akizaa juu ya magunia yaliyotiwa dawa ya unga. Baadhi ya dawa hizo zina permethrini, ambayo wanyama wengine huistahimili lakini paka hufa nayo. Mama huilamba katika manyoya yake na ya watoto wake.

Hapo ndipo utakapowahamisha. Tafuta tenga au sanduku la mbao, tandika nguo kuukuu au gunia ambalo halijapata kutiwa dawa, uliweke mahali pa giza, pakavu, pasipo upepo, karibu na pale alipokuwa. Ngoja mama atoke kwenda kuwinda. Nawa mikono, wahamishe wote mara moja, pamoja na sehemu ya matandiko yao ya zamani ili harufu yao iwepo. Kisha nenda zako kabisa. Mama atawatafuta kwa sauti zao. Wengi husema paka humkataa mtoto aliyeguswa na mtu. Hilo huzidishwa, na kwa kawaida atawapokea au atawahamisha tena apendapo. Tenga liinuliwe juu ya mawe au kichanja kifupi. Siafu wakipita usiku huweza kuwamaliza watoto wote kabla ya mapambazuko, nao hupenda kutembea wakati wa mvua, tangu Desemba hata Aprili. Ukiona safu yao karibu, mwaga majivu yenye moto njiani mwao, na ikiwa hawageuki, beba tenga lote. Mwezi wa Juni na Julai adui ni baridi. Songea i juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mtoto wa siku tatu aliyetambaa nje ya matandiko huganda kabla mama hajarudi. Kwa hiyo tenga liwe na ukingo wa kimo cha shibiri moja, ili mama aruke na mtoto asiweze.

Paka shume naye apitaye kijijini usiku huua watoto wasio wake. Mbwa wako akimzoea mama, atamfukuza shume. Hii ni faida nyingine ya kuwafuga wote wawili.

Sumu ya panya uiache kabisa muda wote huo. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea akiyumba, naye huyo ndiye mwepesi kukamatwa. Mama atamla au atawaletea watoto, nawe utapoteza ukoo mzima kwa pakiti moja. Umwombe na jirani wa karibu aache, maana paka hajui mipaka ya viwanja. Viroboto wakiwa wengi, usiwapake dawa ya kuogeshea ng'ombe, hata kidogo, hata ikiwa imechanganywa na maji mengi. Wachanue kwa kitana chenye meno ya karibu na kubadili matandiko. Wala usimpe paka mgonjwa vidonge vya maumivu vya watu: paracetamol ni sumu kwake.

Mwisho wa juma la pili kazi yako yageuka. Kati ya juma la pili na la saba mtoto wa paka hujifunza nani ni rafiki na nani ni adui, na akilikosa jambo hilo wakati huo, baadaye ni vigumu mno kumfundisha. Mama akienda kuwinda, mchukue mtoto mmoja mmoja mkononi, umpapase, useme naye kwa sauti ya kawaida, umrudishe. Anza kwa dakika chache. Baadaye wapate nusu saa au zaidi kila siku. Washikwe na watu mbalimbali, mume na mke na watoto wakubwa, la sivyo wakimzoea mtu mmoja, atakaposafiri nao watapotea. Mama akikunguruma, weka mtoto chini uondoke. Wafikapo majuma manne watapewa usipa laini uliopondwa, katika sahani ya mama yao.

Katika siku hizo hizo utamwona mama akileta panya aliyekufa na kumweka mbele ya watoto. Siku za mbele atamleta akiwa hai, na kumwachia ili wamfukuze. Usikasirike ukaona panya hai amerudishwa ghalani mwako! Hiyo ni shule. Watoto waliolelewa na mama mwenye kuwinda panya, wakakaa naye mpaka majuma nane, na vema zaidi mpaka kumi au kumi na mawili, hujifunza mapema. Wale waliotolewa wakiwa na majuma manne, kwa kuwa walikuwa wazuri na rafiki alikuwa na haraka, pengine hukua wakimtazama panya kama mgeni. Ukiwa na mtu aliyekuomba mtoto, mwambie angoje, na umweleze kwamba anangojea fundi.

Huenda mama asirudi. Usiamue hivyo upesi: akiwinda aweza kukawia saa kadhaa, na watoto walioshiba, wenye joto, waliolala kimya, wana mama. Watoto waliliao bila kukoma, baridi na matumbo yamebonyea, hao wameachwa. Kabla ya kuwalisha uwapashe joto kwanza, kifuani au kwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa nguo, maana mtoto aliyeganda hawezi kumeng'enya maziwa. Maziwa ya ng'ombe peke yake ni mepesi mno. Kwa dharura tia kiini cha yai kilichokorogwa vizuri, wakati unapotafuta shauri la bwana mifugo. Wanyweshwe kwa bomba dogo lisilo na sindano, tone kwa tone, wakiwa wamelala kifudifudi kama wanyonyapo, kamwe si chali, wasije wakapaliwa. Katika juma la kwanza ni kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Kila wakisha kunywa, wasugue chini kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu mpaka wakojoe. Ni kazi nzito, na wengine watakufa hata hivyo. Mwenye paka mwingine anyonyeshaye, na awajaribu kwake. Mara nyingi huwapokea.

Juu ya maradhi, mawili ni ya kuogopwa. Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Paka aliyekuwa mwoga akageuka ghafula kuwa mkali, au akawa mpole pasipo sababu, akitokwa na mate, usimguse. Akimwuma au kumparura mtu yeyote, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Ugonjwa ukisha kuonyesha dalili, hauponi. Watoto wa paka wachanjwe wafikapo miezi mitatu, na kila mwaka kama aelekezavyo bwana mifugo. Jambo la pili lawahusu wanawake wenye mimba: katika mavi ya paka mna kijidudu kiwezacho kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito asiyazoe, na alimapo bustani avae kitu mikononi. Mboga nazo zioshwe vizuri. Matumbo ya vitoto yakivimba huku mbavu zaonekana, ni minyoo. Omba dawa yao wenyewe, usipime kwa kukisia dawa ya mbuzi.

Usisahau kwamba mama aweza kushika mimba nyingine hata kabla hajamaliza kunyonyesha, nayo huchukua siku 63 au zaidi kidogo. Kwa mwaka mmoja nyumba ya paka mmoja huweza kuwa ya paka kumi, wenye njaa, wagomvi, wanaoiba vifaranga. Hapo watu huwatia watoto katika mfuko na kuwatupa barabarani, jambo la ukatili lisilo na faida. Ni afadhali umwulize bwana mifugo juu ya kuwahasi. Jike huhasiwa watoto wakisha kuachishwa. Na wale watoto utakaobaki nao, kabla hawajafikia miezi mitano au sita.

Umpelekapo mtoto kwa jirani wa Peramiho au Madaba au Namtumbo, mweke katika tenga lenye kifuniko, pamoja na kipande cha matandiko yake. Huko afungiwe ndani ya ghala ya mwenyeji wake majuma mawili au matatu, alishwe humo humo na kuwekewa mchanga wa kujisaidia, ndipo afunguliwe jioni kabla ya chakula chake. Akifunguliwa siku ya kwanza, atajaribu kurudi kwenye kihenge chako, na njiani kuna mbwa wa watu.